Maji ya Dodoma hujaa mara moja kwa mwaka

Barua ya kuhamia Dodoma niliipata mwaka 2017, serikali ilipoanza kuhama kweli kweli baada ya uamuzi uliokuwepo tangu mwaka 1973. Nikaanza kugawa vitu. Feni nilimpa jirani, kitanda nikamwachia mdogo wangu, na mishipi yangu yote ya kuvulia nikaitia kwenye ndoo nikaipeleka Kilwa Masoko kwa mjomba. Nilikuwa na uhakika kwamba naenda mahali pa vumbi na upepo, na kwamba habari za ndoana zimekwisha.

Mjomba alipekua ndoo ile taratibu, akatoa mshipi mmoja uliozungushwa kwenye kibao, akanirudishia. "Huu kaa nao, mjomba," akaniambia (yeye huniita mjomba kama ninavyomwita mimi, ndivyo tulivyozoea). "Pasipo na maji watu hawakai. Wao wanakaa, basi maji yapo."

Kuvua nilijifunza kwake, kwenye gati la Kilwa Masoko, pale vyombo vinapotokea kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Wavuvi wa kazi walikuwa baharini na ngalawa zao. Sisi wa gatini tulikuwa watu mchanganyiko: mwalimu aliyetoka kusahihisha madaftari, fundi cherehani, mlinzi ambaye zamu yake bado, na watoto kama mimi. Ukipata kitoweo, alhamdulillahi, usipopata, umepunga upepo. Lakini adabu ilikuwepo, tena kali. Ukifika unasalimia kwanza, unauliza "wanakula?" ndipo unatafuta pa kukaa. Kabla ya kurusha unasema "narusha!" ili aliye nyuma yako aepushe kichwa. Mishipi ikinasana, mwenye samaki ndiye anayevuta, mwingine analegeza hata kama ndoana ni mpya. Mzee akiwa na nafasi yake penye nguzo fulani, hakuna anayeikalia, hata siku ambayo hakuja.

Mjomba hakunipa ndoana mpaka nilipoyajua maji. Alichomeka kijiti mchangani pembeni kabisa mwa maji, akaniambia nikae nikitazame. Kijiti kikiachwa kikavu, maji yanapwa. Kikizungukwa, yanajaa. Nilikaa mchana kutwa siku ile nikitazama kijiti, na ninaikumbuka kuliko siku niliyopata samaki wangu wa kwanza. Nikajua kwamba maji hujaa kwa saa sita hivi na kupwa kwa saa sita, na kwamba kesho yake yatachelewa kwa karibu dakika 50. Nikajua bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yanapokimbia mpaka chubwi nyepesi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, haikai chini. Nikajua na maji mafu, yanapotulia na samaki nao kuwa wavivu. Saa nzuri ilikuwa maji yanapoanza kujaa, maana samaki huingia nayo, wanafuata chakula kwenye mawe na nguzo ambazo muda mfupi nyuma hazikufikika.

Baada ya hapo ndipo kidole. Mshipi unalazwa juu ya kidole cha shahada, huukazi wala huulegezi, na kidole kinakuwa jicho lako la chini. Kikande anadonoa-donoa kama kuku. Changu anagonga, ananyamaza, anagonga tena, na hapo ndipo unavuta. Chewa anameza na kurudi shimoni kwake, ukichelewa amejibana kwenye jiwe na mshipi umekwisha. Tasi hata akitoka majini hajakwisha: miiba yake ina sumu, na aliyechomwa hutumbukiza mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika mpaka maumivu yapungue. Elimu hiyo niliibeba kichwani nikidhani ndiyo elimu ya maji yote duniani.

Dodoma kibao cha mshipi kilikaa juu ya kabati miaka miwili. Kilishuka mwaka 2019, baada ya mwenzangu wa kazini kunichukua kwenda Hombolo kununua zabibu. Tulipomaliza akanipeleka kuona bwawa, lile lililojengwa mwaka 1957. Nilisimama pale upepo ukinipiga usoni, nikaona maji mapana, ndege weupe pembeni, na watoto watatu wenye fito na uzi. Mmoja akainua ufito na perege anarukaruka kwenye jua. Moyo wangu ulidunda kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni ugenini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Hiace ya alfajiri. Nilikuwa na mshipi wa mjomba, chubwi nzito ya risasi, ndoana ya kuvulia changu, na kamba wa barafu niliowanunua mjini kwa bei ya kuumiza. Nilirusha mbali, nikalaza mshipi kidoleni, nikangoja. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa saba mchana kidole hakikusikia chochote isipokuwa upepo ukiutetemesha mshipi.

Mzee mmoja alikuwa anachunga mbuzi karibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaongeza "mbukwa" ya Kigogo, nami nikaijibu vibaya naye akanisahihisha kwa upole. Akachuchumaa, akatazama vifaa vyangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, unasubiri nini?"

"Nasubiri samaki, mzee. Labda maji yakianza kujaa."

"Yatajaa," akasema. "Masika."

Hakuwa ananitania. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mgeni basi linapita saa ngapi. Akanionyesha kwa fimbo mstari wa majani makavu na matope yaliyopasuka juu kabisa ya pale tulipokaa: "Mwezi wa nne maji yalikuwa pale. Mwezi wa kumi na moja utayakuta kule." Kule kwenyewe palikuwa mbali, katikati ya maji.

Nilirudi mjini mkono mtupu lakini usingizi uligoma. Nilikuwa nimeyatazama maji yale kama maji yaliyosimama, ndoo kubwa isiyo na saa. Kumbe yanajaa na kupwa kama ya Kilwa, ila safari yao ni ya mwaka mzima. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi yote iliyobaki ni jua na upepo vinayanywa. Nilipoelewa hivyo, mambo ya gatini yakarudi yakiwa na maana mpya. Samaki wa hapa naye huingia na maji yanayojaa. Mvua zikianza, maji hupanda juu ya majani yaliyoota kiangazi, na ndani ya majani hayo kuna wadudu, mbegu na minyoo iliyokimbia udongo uliolowa. Perege na kambale huyafuata hadi kwenye kina cha kifundo cha mguu. Wakati huo ukirusha mbali unawapita, wako miguuni pako. Maji yakishuka, Septemba na Oktoba, nao wanarudi kwenye kina, na ndipo mrusho mrefu una kazi.

Yule mzee akawa mwalimu wangu wa pili. Yeye havui, samaki wake hununua, lakini amekaa na bwawa lile maisha yake yote na anajua kila kona yake. Alinifundisha upepo. Kiangazi, hasa Juni hadi Septemba, upepo wa kutoka kusini mashariki hauchoki, na mimi kwa mazoea ya gatini nilikuwa naukimbia, nakaa upande uliotulia ili mshipi usitetemeke. "Tazama povu linakokusanyika," aliniambia. Povu, majani, wadudu waliokufa, vyote husukumwa upande mmoja, na samaki wanavifuata huko huko. Kwa hiyo unakaa upepo ukikupiga usoni, macho yanawasha, vumbi linaingia kwenye chai yako. Ndiyo gharama yake, na nimekubali kuilipa.

Vifaa navyo vilibadilika. Chubwi niliiweka kando kabisa. Badala yake nafunga boya, kipande cha bua kavu la mtama chenye urefu wa kidole, kinaelea vizuri na hakina bei. Ndoana ni ndogo, maana mdomo wa perege ni mdogo kuliko unavyodhani ukimwona mwili. Chambo ni minyoo, inayopatikana kwenye udongo wenye unyevu karibu na mashamba ya zabibu yanayomwagiliwa, na kama hakuna, ugali mgumu uliokandwa na nyuzi kidogo za pamba ili usimeng'enyuke majini. Kwa kambale ni utumbo wa kuku, jioni kabisa au usiku, ukiwa umelala chini kwenye tope. Kambale ukimshika, mshike nyuma ya kichwa huku vidole vikiwa nyuma ya mapezi ya kifuani. Pezi lile lina mwiba mmoja mgumu, na anapojizungusha hukata kiganja kama msumeno.

Kuna jambo moja ambalo pwani halikunifundisha, na nililipia. Mtu wa Kilwa akiona maji anaingia. Tunaingia hadi magotini kufungua ndoana iliyonasa, tunaingia kunawa, tunaingia tu. Kwenye lambo moja la kunyweshea ng'ombe, nje kidogo ya mji, nilifanya hivyo mara nyingi, adhuhuri, suruali nimeikunja. Miezi michache baadaye nikaanza kuona damu mwishoni mwa haja ndogo. Nilikaa wiki mbili nikiogopa kumwambia hata mke wangu, nikifikiria mabaya yote. Nilipokwenda kupima ikawa ni kichocho.

Mhudumu aliyenipa majibu alinichorea kwenye karatasi. Konokono wadogo wa maji baridi, wasiofika ukubwa wa kucha, ndio wanaobeba vijidudu hivyo. Jua likiwa kali vijidudu hutoka kwa wingi na kuogelea kutafuta ngozi, na dakika chache zinawatosha kupenya. Bahari yetu haina konokono wale, ndiyo maana hakuna aliyewahi kunionya. Mayai hurudi majini kwa mkojo wa mtu mgonjwa, konokono anaambukizwa, duara linaanza upya. Dawa ni vidonge vya prazikwanteli, idadi yake inategemea uzito wako, nami nilivimeza siku ile ile nikapona. Tangu hapo naingia pembeni mwa maji na mabuti ya mpira tu, na nikiona mtu anataka kukojoa bwawani namsimamisha, awe mkubwa au mdogo. Ukiwa unaona damu, usifiche kama nilivyoficha mimi. Wiki zile mbili hazikuwa na sababu.

Mtera nimekwenda mara nne. Lile ni bwawa la aina nyingine kabisa, njia ya Iringa, barabara yenyewe inapita pale pale kwenye ukuta, na kandokando akina mama wanauza perege wa kukaanga. Nilipojua linavyofanya kazi nililitazama kwa heshima. Maji ya Ruaha Mkuu yanazuiwa pale kwa ajili ya umeme: mitambo ya Mtera yenyewe ni ya megawati 80, na yakitoka hapo yanateremka kwenda kuzungusha ya Kidatu, megawati 204. Likijaa kabisa, maji yanafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, yamefika kikomo cha kuendeshea mitambo. Kilwa bamvua hupandisha maji mita tatu na zaidi, na tukaiita kubwa. Hapa kati ya kujaa na kupwa kuna mita nane na nusu, na kwa kuwa bonde limelala, ukingo wa maji husogea mbali hata ukaona mashina ya miti iliyozama ikisimama wazi. Samaki hukaa kwenye mashina hayo. Lakini pana mamba na viboko, kwa hiyo navua nikiwa juu ya mawe, hatua kadhaa kutoka majini, sikai sehemu moja siku mbili mfululizo, na jua likianza kuzama nafunga vitu. Na popote unapokwenda muone kwanza afisa uvuvi au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ina habari ya leseni, na ni afadhali uulize kabla ya kurusha kuliko kuulizwa wewe.

Siku iliyonibadilisha zaidi ilikuwa asubuhi moja ya Februari pale Hombolo. Maji yalikuwa mekundu ya mvua, yamepanda juu ya majani. Boya la bua likazama mara moja, bila kudonoa, nikainua. Perege wa ukubwa wa kiganja, mweusi mgongoni, taya lake limejaa kama la mtoto aliyeficha pipi. Nilimtia kwenye ndoo yenye maji ili nimtoe ndoana kwa nafasi. Ndoana ilishika ukingoni tu mwa mdomo. Nilipoichomoa akafungua kinywa, na kikatoka kitu kama moshi.

Nikainama. Moshi ule ulikuwa na macho. Vifaranga, wengi, kila kimoja chembamba kama kipande cha uzi, macho mawili meusi na tumbo lenye rangi ya njano. Walitawanyika ndoo nzima, kisha kama walioitwa wakakusanyika tena mbele ya kichwa chake, wakigongana, wakitafuta mlango. Yeye alikuwa akihema, mdomo anafungua na kufunga. Wachache wakaingia.

Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba perege jike hulea mdomoni, anabeba mayai humo na vifaranga wakihisi hatari wanarudi humo. Kusikia na kuona ni vitu viwili. Katika muda wote huo wa kulea hali karibu chochote, na sijui kwa nini yeye aliigusa ndoana yangu. Pengine mnyoo ulipita karibu mno na wanawe akauuma kuufukuza. Nilibeba ndoo hadi penye majani, nikailaza majini polepole, nikaishikilia pale mpaka mikono ikafa ganzi. Alitoka wa kwanza. Akasimama kwenye kivuli cha nyasi, hakukimbia, nao wakamfuata kamba kamba.

Tangu siku ile, miezi ya mvua, perege mwenye taya lililojaa namrudisha bila kumtoa kabisa majini. Na mvua za kwanza kabisa, kambale wanapopanda makorongo kwenda kutaga, siendi. Najua watu wanawaokota kwa mikono wakati ule, na najua njaa ya mwisho wa kiangazi ilivyo, simnyooshei kidole mtu anayelisha watoto. Lakini mimi na wenzangu tunaovua kwa kujiburudisha hatuna udhuru huo. Mshahara wangu unanunua nyama. Wiki mbili za kuacha mshipi kwenye kibao hazinipunguzii kitu. Wanaoburuta kokoro na nyavu za macho madogo nao niseme wazi: wanachota vifaranga wa mwaka kesho, nimeviona vikikaukia ufukweni, vidogo visivyofaa hata kwa kitoweo cha paka.

Watoto wale wa fito siku hizi tunakaa pamoja. Nimewafundisha kusema "narusha!", na wao wamenifundisha kupata minyoo kiangazi, chini ya mabomba yanayovuja.

Mjomba alikuja mwaka 2024, mwaka ambao treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma. Ilikuwa kiangazi. Nilimpeleka Hombolo, na yule mzee wa mbuzi akaja kumwona mgeni. Wakasalimiana kwa muda mrefu, wazee wawili ambao hakuna aliyewahi kuona maji ya mwenzake. Mjomba akatembea juu ya tope lililokauka hadi ukingoni. Akaokota gamba la konokono, akalitazama, akalitupa. Kisha akavunja kijiti, akakichomeka pale pale maji yanapoishia, kama alivyofanya mbele yangu nikiwa na miaka saba.

Tulivua hadi jioni. Alipata perege watatu, na kila mara alikataa boya, alilaza mshipi kidoleni na kufumba macho. Usiku tulilala kwa yule mzee, tukala samaki kwa ugali wa uwele na mlenda, mjomba akaomba aongezewe mlenda.

Tuliondoka kesho yake jioni, na kabla ya kupanda gari akataka arudi majini. Kijiti kilikuwa kimesimama pakavu. Akachuchumaa akapima kwa mkono: kutoka kijitini hadi majini, shubiri moja kamili.

"Yanapwa," akasema.

"Bado yanapwa," yule mzee akajibu. "Mpaka mwezi wa kumi na mbili."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuzungusha mshipi kwenye kibao chake. Kijiti alikiacha.